Siku Isiyotajwa

Mlinzi wa getini alilitafuta jina la Awinja kwenye orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, na alipofika chini ya karatasi akaanza tena juu. Alikuwa anafanya heshima tu. Alijua toka asubuhi kwamba jina halimo, na hakutaka kuwa yeye wa kulisema, maana kwa miaka minne walikuwa wakisalimiana kila siku na kuulizana hali ya nyumbani. Nyuma ya Awinja trekta za miwa zilikuwa zimepanga foleni hadi barabara kuu. Hiyo ndiyo ile miaka ya miwa, wakati viwanda vilikuwa vinawagombania wakulima, na watu wa Kakamega walikuwa wakisema kwamba asiye na kazi sasa basi hataki kazi. Watu husema mengi.

Awinja hakuja kuomba kitu. Alikuja na mtoto wa siku kumi na moja, amemfunika shali ya kuazima, pamoja na karatasi ya hospitali ya Mukumu inayoonyesha siku na saa mtoto alipozaliwa. Alitaka karatasi hiyo iingie kwenye faili lake, apewe miezi mitatu ya likizo ya uzazi, kisha arudi kwenye mizani, pale alipokuwa akipima kila trekta inayoingia na kutoka kiwanda cha Tamu Bora. Miaka mitatu ya mwanzo alikuwa kibarua wa kufagia uwanja wa miwa. Huu wa nne ndio aliandikwa kwa barua, na katika ukoo mzima wa mumewe yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuwa na kazi ya barua. Barua yenyewe ilikaa ndani ya Biblia ya mama mkwe, na wageni walionyeshwa.

Philemon, msimamizi wa zamu kwenye mizani, alitoka na bahasha. Hakumwangalia Awinja, sembuse mtoto.

"Hii nimepewa nikupe," akasema.

Awinja akaisoma palepale, wima. Alikuwa amefutwa kazi kwa kukosa kufika kazini siku kumi bila ruhusa, na kwa kukataa kujaza fomu ya likizo ya uzazi ingawa alipewa fomu hiyo kwa wakati. Chini alikuwa ametia sahihi Hezekiah, meneja wa wafanyakazi.

"Mume wangu Nehemiah alikupigia simu siku ileile nilipojifungua," Awinja akasema. "Ukamwambia hongera."

"Nilisema hongera, ni kweli. Lakini hongera si ruhusa, dada."

Mtoto akaamka na kulia, na maziwa ya mama yakaitika kilio. Kabla Awinja hajageuka, blauzi yake ya kazi ilikuwa imelowa mbele, na matanboi, vijana wa kupakia, waliokaa juu ya miwa wakaanza kucheka kwa sauti, mmoja akiuliza kama hiyo nayo inapimwa kwenye mizani. Philemon alisikia, akajifanya anaangalia namba ya trekta. Awinja aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Aliyemwokoa ni Phoebe, mwenzake wa mizani, aliyetoka mbio na leso, akamzungushia kifuani kama anayemtengenezea mtoto, na huku akamnong'oneza: "Usiende kwa Hezekiah. Enda leba, pale mjini. Uliza Mildred."

Leba ndivyo wafanyakazi wote wanavyoiita ofisi ya kazi ya serikali. Awinja alikuwa ameipita mara nyingi akienda sokoni na hakuwahi kufikiri kwamba mlango ule unaweza kumhusu. Njiani kurudi nyumbani, huko Shirere, aliishika ile leso kwa nguvu. Wakati wa dhiki mtu huwaona vizuri watu waliomfaa, na siku hiyo Awinja alimshukuru Mungu kwa ajili ya Phoebe kuliko alivyoweza kumlalamikia kwa ajili ya barua.

*

Jambo la fomu lilikuwa la kweli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa.

Mwezi mmoja kabla, Hezekiah alimpa fomu ya likizo na kumwambia sheria inataka taarifa ya maandishi, siku saba kabla ya kwenda likizo, si pungufu. Awinja alijaza jina, namba ya kazi, zamu na sahihi. Palibaki nafasi moja, ya tarehe anayotarajia kujifungua. Hiyo haikujazika.

Miaka miwili nyuma Awinja alikuwa na mimba nyingine. Kliniki walimpa tarehe, naye kwa furaha akaizungushia duara la kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo kila anayeingia kunywa chai angeiona. Mtoto hakuingoja tarehe ile. Alizaliwa kabla yake, na hakulia. Mama mkwe, Zilpah, alimpokea, akamfunga, akaenda naye nyuma ya migomba pamoja na wanawake wengine wawili, na Awinja, aliyekuwa hajui alipo kwa kupoteza damu, hakumwona. Zilpah aliporudi aliishusha kalenda ukutani na kuitia motoni. Tangu siku hiyo jambo lile halikutajwa katika nyumba hiyo na mtu yeyote.

Basi fomu ilipofika nyumbani, Zilpah aliiweka mbali na macho kidogo, akauliza pengo lile ni la nini, akaambiwa.

"Siku haitajwangi, mukhana wanje," akasema, akimwita binti yake kama alivyomwita siku zote. "Mimba unabeba, unanyamaza. Ukiandika siku, umeambia kila mtu mwenye masikio, na si wote wanakupendanga."

Msidhani Awinja alimwogopa mama mkwe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na somo la uzazi alilifanya vizuri hata akapewa zawadi ya kamusi. Alijua kalenda haiui mtoto. Lakini alikaa na ile fomu jioni nzima, kalamu mkononi, na kila alipoikaribia ile nafasi mkono uliganda. Aliiogopa kalamu. Kesho yake aliirudisha fomu ikiwa na pengo, akamwomba Hezekiah amruhusu kuja kuisema siku kwa mdomo itakapokaribia. Hezekiah alimrudishia, akasema fomu yenye pengo si fomu. Awinja akaiweka kwenye mkoba, akijipa moyo kwamba bado kuna wakati.

Wakati haukuwepo. Mtoto alikuja wiki tatu mapema, katikati ya trekta mbili. Awinja aliipima ya kwanza, akaandika uzito wake kwa mwandiko safi, akamwambia dereva wa pili asubiri, kisha akakaa sakafuni. Phoebe na Philemon walimwinua na kumpakia kwenye pikapu ya kiwanda, na dereva wa pikapu akaendesha hadi Mukumu huku akisali kwa sauti njia nzima. Kwa hiyo hakuna mtu kiwandani, kuanzia mlinzi hadi meneja, ambaye hakujua Awinja yuko wapi na anafanya nini huko.

*

Nehemiah, mumewe, alisoma barua ya kufutwa mara tatu. Yeye aliendesha trekta ya mtu, kazi ya kuitwa leo na kuachwa kesho, na mvua ikinyesha mashamba yakawa matope haitwi kabisa. Mshahara wa Awinja ndio uliokuwa umeanza kuipa ile nyumba mgongo. Lakini alikuwa mtu wa amani, na kila ugomvi aliutafutia njia ya heshima.

"Hezekiah ni mtu wa huku," akasema. "Tumwendee kwa heshima."

Heshima katika nchi ya Waluhya inajulikana, ina miguu miwili na manyoya. Jumamosi Nehemiah alivaa shati la kanisani, akamfunga jogoo wao miguu, akamchukua kwapani hadi nyumbani kwa Hezekiah, mtaa wa Shieywe. Hezekiah alimpokea vizuri sana. Alimshika ingokho, yule jogoo, kwa mikono miwili, akausifu uzito wake, akamwita mkewe aje amwone, akamkaribisha Nehemiah soda. Kuhusu kazi alisema ataona. Nehemiah alirudi akipiga mluzi, na jioni hiyo nyumbani Shirere walikula obusuma, yaani ugali, kwa mboga, wakijua vizuri nani anakula nyama.

Jumanne Phoebe alituma ujumbe kwamba msichana mwingine ameletwa, na ameketi kwenye kiti cha Awinja.

Nehemiah aliusoma ujumbe, akatoka nje akasimama uani akiuangalia mti aliokuwa akilalia jogoo. Awinja alimhurumia kuliko alivyojihurumia mwenyewe. Alimfuata, akamwambia kesho anaenda leba. Nehemiah akasema huko watazungushwa mpaka mtoto aanze shule. Awinja akasema afadhali kuzungushwa. Zilpah alikuwa akichambua mboga mlangoni, akiwasikiliza. Asubuhi walimkuta amejifunga kitambaa chake cheupe cha kanisa na amekwisha kumbeba mtoto.

"Nitamshika wakati unaongea," akasema.

*

Mildred, afisa wa kazi, alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta ijapokuwa jua lilikuwa kali. Alimsikiliza Awinja bila kumkatiza, akaisoma barua, akaiangalia karatasi ya hospitali, akaandika wito: Hezekiah afike Alhamisi ya wiki ile nyingine, aje na faili. Hakuahidi kitu. Lakini alimvutia Awinja kiti chenye mgongo ili anyonyeshe vizuri, na Awinja akatoka pale akihisi kwamba kuna mtu amemwona.

Siku yenyewe Awinja alifika na mumewe na Zilpah, naye Hezekiah akaja na faili na Philemon. Alizungumza kwa adabu, na ubaya wake ni kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Fomu ilitolewa. Fomu haikurudi ikiwa imejazwa. Mtumishi aliombwa mara mbili. Wengine hujaza, kwa nini yeye asijaze? Kiwanda kina trekta mia mbili kwa siku, akasema, hakiwezi kuendeshwa kwa kukisia nani atakuwepo. Mwisho, kama mtu anayeweka jiwe la juu kabisa, akasema kwamba hata familia yenyewe ilikubali kosa, maana mume wa mtumishi alikuja kwake nyumbani kuomba radhi na jogoo.

Nehemiah akainamisha kichwa. Uso wa Awinja ukawaka.

Mildred akaacha kuandika. "Huyo jogoo yuko wapi sasa?"

Hezekiah akakohoa. "Tulimla."

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Na huyu msichana mwingine ulimwandika siku gani?"

"Jumatatu," Philemon akasema, kwa sauti ndogo, kabla bosi wake hajajibu. Hilo ndilo neno la kwanza alilosema tangu waingie, na baada ya hapo akaangalia viatu vyake.

Mildred aliandika siku hizo mbili, moja chini ya nyingine. Kisha akamgeukia Awinja, na hapo hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka tena, maana kila mtu mle ndani alielewa kwamba kuku ni kuku, bali kesi ilikuwa ndani ya lile pengo. Kama Awinja alikuwa na sababu, kazi yake ingerudi. Kama hakuwa nayo, ingebaki kwa yule msichana.

"Niambie wewe mwenyewe. Kwa nini hukuandika tarehe?"

Awinja alifungua mdomo. Akilini aliiona kamusi yake ya zawadi, aliwaona wenzake wa kidato cha nne, akaiona sura ya Hezekiah ikingoja kwa tabasamu dogo. Angesemaje mbele ya watu hawa wenye faili kwamba aliogopa kuandika namba mbili?

"Nilisahau," akasema.

Mildred akaiangalia tena barua. "Ulisahau mwezi mzima?"

"Ndiyo."

"Hakusahau," Zilpah akasema kutoka kwenye benchi la ukutani.

Alikuwa ameinuka, mtoto begani. Hezekiah akasema mama huyo si shahidi, hayumo kwenye wito. Mildred akamwambia yeye ndiye anayeandika wito. Kisha akamwita Zilpah kwa jina wanaloitwa bibi huku kwetu. "Sema, kukhu."

Zilpah hakuwa amewahi kuzungumza mbele ya mtu wa serikali isipokuwa kuchukua kitambulisho. Kitambaa chake cha kanisa kilikuwa kimelegea upande mmoja na hakukitengeneza.

"Ni mimi nilimkataza. Hiyo siku haitajwangi kwetu. Huyu alikuwa na mtoto mwingine mbele ya huyu. Alitaja siku yake, akaiandika ukutani, sote tukaisoma, tukafurahi. Huyo mtoto alikufa mikononi mwangu. Nilimwosha mimi. Nilimzika mimi. Sasa hii fomu ilikuja ikiuliza siku tena, ningefanya nini, madamu? Pengine ni ujinga. Mwalimu angesema ni ujinga. Lakini nilikuwa nimezika mmoja na sikutaka kuzika wawili. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, basi nifukuzeni mimi, mimi sina kazi ya kupoteza."

Hakulia. Awinja ndiye aliyelia, kwa sababu katika miaka miwili hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kusikia kuhusu mtoto wake. Hakujua kwamba alioshwa.

Philemon akaondoa macho kwenye viatu. "Mke wangu pia hakutaja," akasema. "Kwa wote wanne. Hata mimi sikuambiwa." Hezekiah alimwangalia kwa mshangao, na Philemon hakunyamaza. Alisema yeye ndiye aliyemwinua Awinja sakafuni, na pikapu ilitoka kwa ruhusa ya ofisi, na kwamba aliona vibaya kupeleka ile bahasha getini ila na yeye ana watoto. "Nisamehe, dada," akamwambia Awinja. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

Mildred alivuta kitabu cha sheria ya ajira, kilichochakaa pembe, akakifungua mahali alipopajua. Alisoma polepole ili Zilpah afuate. Mwanamke atatoa taarifa ya maandishi siku saba kabla, alisoma, au muda mfupi zaidi unaofaa kwa kadiri ya hali ilivyokuwa. Akayarudia hayo maneno ya mwisho.

"Sheria inaniuliza hali ilikuwaje," akasema. "Leo nimeambiwa. Mtoto alikuja wiki tatu mapema, mama akiwa kwenye mizani yenu, akaenda hospitali kwa gari lenu. Siku ileile simu ikapigwa. Bwana Hezekiah, ulitaka taarifa gani zaidi ya hiyo? Na kitu kingine kimeandikwa hapa: kuzaa si sababu ya kumfuta mtu kazi. Ukitaka hili liende mahakamani, tutaenda, na pale utaulizwa tena juu ya hiyo Jumapili na hiyo Jumatatu."

Hezekiah alifunga faili lake, akalifungua, akalifunga. Mwishowe akasema kiwanda hakina haja ya mahakama. Yaliyobaki yaliandikwa kwa dakika chache. Barua ya kufutwa inaondolewa. Awinja anapata miezi yake mitatu kwa mshahara kamili kuanzia siku aliyojifungua. Yule msichana atashika nafasi kwa muda huo, kisha mwenye kiti atarudi kwenye kiti chake. Nehemiah alimpa Mildred mkono mara mbili, akakumbuka kuwa amekwisha kumpa, akampa tena. Mildred akamwambia aende salama na kuku wengine abaki nao.

*

Nje ya ofisi palikuwa na ukuta mfupi chini ya kivuli cha paa. Nehemiah alikwenda kutafuta salio la simu ili awaarifu watu wa nyumbani, maana habari njema ilimwasha mdomoni. Mtoto alikuwa na njaa. Awinja akakaa ukutani kumnyonyesha, na Zilpah akasimama mbele yake kumkinga na macho ya wapita njia, ameitandaza leso ya Phoebe kwa mikono yote miwili.

Awinja aliwaza juu ya wale watunga sheria wa Nairobi, asiowajua, waliokaa siku moja wakaandika maneno yale ya mwisho. Wangeweza kuishia kwenye siku saba. Mmoja wao lazima alikumbuka kwamba duniani kuna mambo, akaongeza sentensi ambayo mama mzee wa Shirere aliweza kupita ndani yake na hofu yake yote. Alitamani awashukuru na hakujua awatumie salamu kwa nani. Akaanza na aliyekuwa karibu.

"Asante, mama," akasema.

"Usinishukuru," Zilpah akajibu. "Kazi ni mimi nilitaka kukupotezea. Nimekurudishia tu."

"Sisemi ya kazi."

Zilpah alielewa. Aliiinua leso juu kidogo, akaangalia barabarani.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Yule wa kwanza. Nyeusi, zimejaa hadi hapa masikioni. Na alikuwa na paji kama lako. Msichana mzuri kabisa, mukhana wanje. Nilitaka kukuambianga kila siku."

Awinja alimwangalia yule anayenyonya, akampapasa paji la uso kwa kidole, na machozi yakamtiririka bila yeye kuyazuia. Kila kitu alichokuwa ameombea wiki zile amepewa, na juu yake ameongezewa hiki ambacho hakuthubutu kukiomba.

"Niambie tena," akasema, na Zilpah akamwambia tena.